Mashine zinazojua kusubiri: mtandao wa kompyuta Karagwe na Kyerwa

Ukiutazama Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwenye ramani, mkoa wa Kagera hauonekani kuwa pembezoni hata kidogo. Waya wa nyuzi za kioo unafika Mutukula, mpakani na Uganda, na mwingine unafika Rusumo, mpakani na Rwanda. Kupitia vituo hivyo Tanzania huziuzia nchi jirani njia ya kuzifikia nyaya za baharini zilizotua Dar es Salaam. Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa huo, ziko ubavuni mwa njia hiyo. Kwa hesabu ya ramani, kompyuta iliyopo Kayanga au Nkwenda ingepaswa kupata mtandao kwa urahisi kuliko kompyuta za wilaya nyingi za nchi hii. Ardhini mambo ni mengine. Mhudumu wa zahanati isiyo na kompyuta inayoshika mtandao hufunga mwezi kwa kujumlisha idadi ya wagonjwa katika MTUHA, vitabu vya takwimu za afya, kwa kalamu na rula. Karatasi za muhtasari hupanda bodaboda hadi makao makuu ya wilaya, na huko ndiko huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu hizo. Kati ya zahanati hiyo na seva ya wizara kuna mkongo, minara, madishi na ruta za kila namna, lakini kiungo cha kwanza katika mnyororo wote huo ni pikipiki.

Mazungumzo yetu kuhusu mtandao yametawaliwa na kasi. Mnunuzi wa ruta anauliza megabiti ngapi, mwanasiasa anahesabu minara ya 4G, kampuni ya simu inatangaza bando. Swali ambalo halina mwulizaji ni hili: kifaa kinafanya nini mtandao unapokata? Nikiziangalia Karagwe na Kyerwa, na nikiangalia historia ya vifaa vilivyowahi kuunganisha kompyuta na mitandao katika Afrika Mashariki, naona kwamba vilivyoleta manufaa ya kweli havikuwa vyenye kasi kuliko vingine. Vilikuwa vile vilivyojua kusubiri, yaani vilivyotunza kazi mkononi mpaka njia ifunguke, kisha vikaituma bila kupoteza kitu. Hoja hiyo ina wapinzani wenye sababu nzito, na nitawafikia.

Tuanze na modemu yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyoweka desturi. Waya wa simu ulijengwa kubeba sauti ya mtu, na mtandao wa simu hupitisha mitetemo ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi tu. Kompyuta haina sauti. Ina biti, yaani sifuri na moja. Modemu hugeuza biti kuwa milio inayoweza kupita katika waya huo, na modemu ya upande wa pili huigeuza milio kuwa biti tena. Zile kelele za kukwaruza zilizosikika wakati wa kuunganisha zilikuwa mapatano: modemu mbili zikipima waya, zikiulizana kama unafaa kwa mwendo huu au tupunguze. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 kiliahidi kilobiti 56 kwa sekunde, lakini waya ukiwa na kutu au ukiwa mrefu mno, modemu zilishuka taratibu hadi zikapata mwendo ambao waya uliumudu. Kipande kilichofika kimeharibika kilitumwa upya. Fundi aliyebuni chombo hicho hakudhani kwamba njia ni nzuri. Alidhani ni mbovu, akaanzia hapo.

Wengi husema modemu imepitwa na wakati, na mara nyingi wanamaanisha kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta kilichouzwa sana na kampuni za simu kabla watu hawajazoea kuwasha hotspoti. Umbo ndilo lililopita. Ndani ya kila simu janja mna modemu, ndani ya ruta inayotumia laini mna modemu, vivyo hivyo katika kisanduku cha faiba ukutani, dishi la setilaiti, na mashine ya EFD, ya kutoa risiti za kodi, iliyo juu ya kaunta ya duka huko Omurushaka, Karagwe. Vyote vinazichukua biti na kuzipa umbo linalokubalika na njia iliyopo, iwe waya wa shaba, mwanga ndani ya kioo au mawimbi ya hewani. Swichi na ruta zina kazi nyingine, ya kuzipanga pakiti na kuzielekeza, na kwa kawaida hazina lawama. Mtandao wa ndani ya ofisi moja ya halmashauri, wenye swichi na kebo za mita chache, hufanya kazi hata kama dunia yote ya nje imezimika.

Historia yetu ya kompyuta ilianza kwa kizuizi. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na kizuizi kiliachiwa polepole katika miaka ya 1980. Kwa hiyo, wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoanza kuandikiana barua pepe na wenzao wa Makerere, Nairobi, Lusaka na Harare mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia mradi wa ESANET, walianza na njia iliyokuwapo, nayo ilikuwa simu mbovu na ghali. Walitumia teknolojia ya FidoNet. Barua zilikaa kwenye kompyuta ya chuo mpaka ufike muda uliopangwa. Modemu ikapiga simu, ikamwaga mzigo wote kwa mkupuo, ikapokea uliopo, ikakata. Simu ikikatika njiani, ilijaribu tena baadaye. Mtandao wa madaktari wa HealthNet nao ulitumia setilaiti ndogo iliyozunguka karibu na dunia na kupita juu ya kituo mara chache tu kwa siku: ikipita, ilipokea ujumbe na kuutunza, ikaenda kuuteremsha upande mwingine wa dunia. Daktari wa hospitali ya Muhimbili aliyeuliza swali asubuhi hakutarajia jibu kabla ya chai ya saa nne, lakini alijua litakuja. Ninasisitiza kipindi hiki kwa sababu huwa kinasimuliwa kama enzi ya dhiki ambayo faiba ilikuja kutuokoa, ilhali kiufundi kilikuwa na adabu ambayo mifumo mingi ya leo imeipoteza.

Sasa tuje kwenye vilima. Ardhi ya Karagwe na Kyerwa imekunjwa: migongo mirefu ya milima inayokimbia takriban kaskazini hadi kusini, na katikati yake mabonde yenye majimaji na migomba. Mnara wa simu unawekwa juu ya mgongo, nao unaona vizuri upande unaotazamana nao. Aliye katika bonde la pili anapata mabaki. Kwa kanuni za GSM, mnara mmoja wa 2G unaweza kinadharia kumhudumia mtu aliye umbali wa hadi kilomita 35, na masafa ya chini husafiri mbali na hujipenyeza zaidi. 4G inapotumia masafa ya juu hufupika, tena hubadili lugha kadiri unavyosogea mbali: karibu na mnara kila mpigo wa ishara hubeba biti sita, mbali kidogo nne, pembezoni kabisa mbili. Mtu wa pembezoni basi, kabla hajagawana na wenzake, ameshapoteza theluthi mbili. Kisha kuna kugawana. Uwezo wa mnara ni wa wote walioushika kwa wakati huo, na jioni, wakati watu wametoka shambani na simu zimetolewa mifukoni, kila mmoja anapata chembe.

Kuna jambo moja ambalo watumiaji wengi hawaelezwi, na linasababisha ugomvi usio na maana madukani mwa mawakala. Vile vijistari vinne vya mtandao kwenye kioo cha simu hupima nguvu ya mawimbi kati yako na mnara. Havipimi hali ya njia kati ya mnara na mkongo. Minara mingi ya vijijini haijafungwa faiba. Inarushiana mawasiliano kwa madishi, kilima hadi kilima, na kila dishi lazima lionane na mwenzake bila kizuizi. Mnara wa tano katika mnyororo wa namna hiyo unategemea minne iliyotangulia, na mmoja ukikosa umeme, yote iliyo nyuma yake inanyamaza. Kwa muda mrefu umeme wa sehemu kubwa ya Kagera umetoka Uganda kupitia Kyaka, sehemu hiyo ikiwa nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwake kumekuwa jambo la kawaida. Minara ina betri na jenereta, lakini betri huchoka na dizeli huisha. Ndiyo maana unaweza kuona vijistari vyote vinne, na ukurasa usifunguke. Kipande kinachoumwa kiko katikati: si mkongo wa taifa, si simu yako, ni zile kilomita chache za hewani kati ya mlima na mlima, pamoja na umeme unaozilisha.

Katika mazingira hayo, angalia ni vifaa gani vilivyokubalika bila semina wala mfadhili. Cha kwanza ni ujumbe mfupi. SMS moja ya herufi 160 haimfuati mpokeaji moja kwa moja. Hukaa katika kituo cha kampuni, kituo hujaribu kuifikisha, kikishindwa kinangoja simu iwake au itoke bondeni, kinajaribu tena. Ndiyo FidoNet ya watu wote. Huduma za fedha za simu, tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, zimejengwa juu ya njia nyembamba vilevile: ukipiga *150*00# unatumia njia ya maelekezo ya simu, isiyohitaji bando, na vipande vyake vya maandishi havizidi herufi 182. Hapo mtu na seva huzungumza ana kwa ana, kwa hiyo mazungumzo yanaweza kukatika. Lakini ushahidi wa muamala huja kwa SMS, ambayo husubiri. Kila mfanyabiashara wa ndizi anajua tofauti hiyo kwa vitendo: menyu ikigoma hapigi tena haraka, anangoja kwanza kama ujumbe utaingia, asije akalipa mara mbili.

Cha pili ni mashine zenye laini ndani yake. Mashine za EFD zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, wafanyabiashara walilalamikia bei na kodi, na malalamiko hayo yalifunika ubora mmoja wa kiufundi: mashine inatoa risiti hata mnara ukiwa umezima, inaandika mauzo katika kumbukumbu yake isiyofutika, na mtandao ukirudi inaituma hesabu ya siku kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwa kazi hiyo GPRS, mtandao wa zamani wa kilobiti makumi machache, inatosha na kubaki. Mashine za POS za halmashauri, zile za malipo za kushika mkononi ambazo mkusanyaji ushuru huwa nazo kwenye geti la mazao, zinaweza kufanya kazi kwa desturi hiyohiyo: gunia linahesabiwa, karatasi nyembamba inatoka, dereva anaondoka, taarifa inafuata baadaye. Mfano mkubwa kuliko yote ni Sensa ya Agosti 2022. Vishikwambi zaidi ya 200,000 vilipelekwa nchi nzima, na makarani hawakusubiri mtandao mlangoni mwa kila kaya; dodoso lilijazwa ndani ya kifaa, likatumwa karani alipofika penye mawimbi. Kama Ofisi ya Taifa ya Takwimu ingedai kila kaya ihesabiwe moja kwa moja kwenye seva, vijiji vingi vya Kyerwa vingesubiri sana.

Cha tatu kinasahaulika kwa sababu si kompyuta, nacho ni redio. FADECO, shirika lililoanzishwa Karagwe na Joseph Sekiku, limekuwa likiendesha redio ya jamii sambamba na kazi za kusambaza maarifa kwa wakulima. Kiuchambuzi, redio ya aina hiyo ni kifaa cha mtandao chenye umbo la pekee: njia ya kwenda ni nyembamba sana, njia ya kurudi ni pana sana. Mkulima anatuma swali kwa SMS au anapiga simu. Mtangazaji mwenye kompyuta moja iliyounganishwa, au mwenye namba ya bwana shamba, anatafuta jibu. Jibu linarushwa kwa FM na kuwafikia hata ambao hawakuuliza. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, habari iliyohitajika haikuwa ndefu: kata ua dume kwa kijiti cha panda badala ya kisu, safisha panga kwa moto au dawa, usihamishe machipukizi ya shamba lenye ugonjwa. Maneno hayo hayahitaji megabiti. Yanahitaji kufika kila nyumba, kwa Kiswahili kinachoeleweka, katika kifaa kinachoendeshwa kwa betri za dukani.

Linganisha na mifumo mingi inayoletwa siku hizi kama tovuti. Kabla ukurasa wenye ulinzi haujaonyesha hata herufi moja, kompyuta yako na seva huenda na kurudi mara kadhaa: mara moja kusalimiana, mara mbili kukubaliana funguo katika mifumo ya zamani kidogo, kisha mara moja kuomba ukurasa wenyewe. Kwenye faiba ya Dar es Salaam safari nne hizo ni kufumba na kufumbua. Kwenye 2G ya bondeni, ambako safari moja inaweza kula karibu sekunde nzima, ni sekunde tatu au nne, na hapo hakuna kilichopotea njiani. Pakiti moja ikipotea, inarudiwa. Ukurasa ukiwa na picha, nembo na programu za mapambo, kila kimoja kinadai safari zake. Kisha mwalimu aliyekwisha kujaza majina ya wanafunzi arobaini anabonyeza kuhifadhi, mtandao unakata, fomu inarudi tupu. Itasemwa kwamba mwalimu huyo hajui kompyuta. Mimi nadhani aliyebuni fomu ndiye asiyejua Karagwe.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu lina nguvu, na linatoka kwa wakaguzi. Kifaa kinachovumilia kukosa mtandao humvumilia pia mwizi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja, mwaka baada ya mwaka, mashine za POS zilizokaa nje ya mtandao kwa muda mrefu na makusanyo ambayo hayakufika benki. Mkusanyaji anajua kwamba ofisi haioni. Mashine “inaharibika”, fedha inatembea. Wakaguzi hao hawajakosea. Ila tiba iliyozoeleka, ya kudai kila mashine iwe hewani saa zote, inaadhibu vilima kwa kosa la watu. Mawakala wa fedha za simu wana tiba bora, nayo ni floti. Wakala hawezi kumwekea mteja fedha zaidi ya alizonazo kwenye laini yake. Mashine ya ushuru inaweza kupewa ukomo wa namna hiyo, kiasi fulani cha fedha au saa kadhaa bila kutuma, baada ya hapo haitoi risiti mpaka iungane na seva. Kusubiri kunakuwa na mpaka, na mpaka huo unaandikwa na halmashauri inayojua barabara zake, si na muuzaji wa programu.

Pingamizi la pili linasema tatizo hili linakwisha lenyewe, minara inajengwa. Ni kweli inajengwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukitoa ruzuku kwa kampuni zipeleke huduma pasipo na faida ya haraka, na Mei 2023 ulisainiwa mkataba wa minara 758 katika mikoa 26. Halotel, iliyoanza biashara mwaka 2015, ilijijengea jina kwa kufika vijiji ambavyo wengine walivikwepa. Sibezi kazi hiyo. Nasema tu kwamba mnara mpya unapunguza umbali wa hatua ya kwanza, kutoka simu hadi mnara, na nimekwisha kueleza kwamba hatua inayoumwa mara nyingi ni ya pili, kutoka mnara hadi mkongo. Mnara mpya usipopewa njia yake pana ya kurudi kwenye mkongo, unaongeza watu katika foleni ileile. Takwimu za watu waliofikiwa na mtandao nazo huhesabu anayeishi ndani ya eneo la mawimbi. Hazisemi kama alipata kutuma faili saa mbili usiku.

Wapinzani wa tatu wanaitazama anga. Setilaiti za zamani zilikaa kilomita 36,000 juu, na safari ya kwenda na kurudi ilichukua kiasi cha nusu sekunde kwa sababu ya umbali peke yake. Starlink, ambayo setilaiti zake ziko kilomita 550 hivi, imeondoa kasoro hiyo, na ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, huduma ilianza Februari 2023. Kwa Tanzania suala la leseni limechukua muda mrefu zaidi. Kwa hospitali, shule ya sekondari au ghala la chama kikuu cha ushirika, dishi kama hilo linaruka vilima vyote na minara yote ya katikati, na ningeshangaa kusikia mtu akilikataa kwa sababu za kiufundi. Lakini dishi hilo hula wati 50 hadi 75. Likiwashwa saa kumi, limetumia wati-saa 500 au zaidi, wakati paneli ya jua ya wati 50, ambayo ni ya kawaida majumbani, huvuna kama nusu ya kiasi hicho kwa siku nzuri. Tumehamisha udhaifu kutoka mlimani hadi kwenye betri. Na hata njia pana kabisa hukatika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na Tanzania nzima, yenye faiba na isiyo na faiba, ikakwama kwa siku kadhaa. Siku hizo mtu wa Masaki, Dar es Salaam, alionja kidogo maisha ya Kyerwa.

Limebaki pingamizi linalonisumbua zaidi, kwa sababu si la kiufundi. Linasema hoja hii ni ya kumridhisha maskini na umaskini wake: wa mjini wapewe video na madarasa ya mtandaoni, wa Murongo, huko Kyerwa, wafundishwe kusubiri. Lingekuwa kweli kama kujenga kwa ajili ya njia mbovu kungezuia njia nzuri. Hakuzuii. Mfumo unaotunza na kutuma baadaye hufanya kazi vizuri sana kwenye faiba; mfumo uliozoea faiba haufanyi kazi kabisa bondeni. Tena si kila kazi inadai haraka kila mahali. Chukua kahawa. Minada ya kahawa ya Kagera imehamia miaka ya karibuni kwenye mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa, TMX, na mnada wa namna hiyo hauwezi kungoja: wanunuzi wanashindana kwa dakika. Lakini wanaoshindana ni wachache, na mahali pa kuwaunganisha panajulikana. Kilo zilizopimwa katika chama cha msingi, idadi ya magunia na namba ya stakabadhi ya ghala vinaweza kupanda kwenye mfumo usiku uliotangulia, kidogo kidogo, kwa mtandao wowote uliopo. Mkulima aliyezoea kuuza butura, kahawa ikiwa bado maua, au kuivusha kwa magendo usiku, atashawishika na bei ya mnada ikiwa taarifa ya malipo itamfikia kwa uhakika kwenye simu ya batani. Hapo SMS inamfaa kuliko programu ya rangi sita. Nakubali kwamba daktari anayetaka kumwonyesha bingwa wa hospitali ya Bugando picha ya eksirei anahitaji njia pana. Basi ajengewe njia hiyo hospitalini kwake, na umeme wake, badala ya kutandaza upana hafifu kila mahali na kuuita maendeleo.

Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ina jaribu moja zaidi ambalo wabunifu wa mifumo wa Dodoma na Dar es Salaam hawalioni. Inapakana na Uganda na Rwanda kwa pamoja, na mawimbi hayasomi ramani. Simu iliyopoteza mnara wa nyumbani hutafuta mwingine wowote, na karibu na mto inaweza kuupata wa jirani. Mwenye simu anatozwa gharama za nje, au laini yake inakataliwa. Wakati Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilipoanza kuondoleana gharama hizo mwaka 2014, Tanzania haikuwemo. Mashine ya EFD au POS yenye laini isiyoruhusiwa kuvuka mpaka inanyamaza tu, na mkaguzi akiisoma kutoka mbali ataiona kama imezimwa na mwenyewe. Mambo haya hayatibiwi kwa kununua ruta ya bei mbaya. Yanatibiwa katika karatasi za zabuni, pale ambapo mara nyingi huandikwa kasi ya prosesa na ukubwa wa kioo. Ziandikwe saa ambazo mashine itafanya kazi bila mnara, kiasi cha fedha itakachoruhusiwa kukusanya kabla ya kutuma, kwamba betri ikifa kumbukumbu haifi, kwamba mtandao ukirudi itatuma yenyewe bila mtu kubonyeza kitu, na kwamba itatofautisha kati ya kukosa mnara na kuzimwa. Na majaribio ya kukubali mzigo yafanyike Murongo, mbele ya mkusanyaji ushuru, kabla malipo hayajatoka.